Ukwato wa Haambiliki

Mke wangu ni fundi wa viatu vya farasi. Nikilisema hilo mbele ya wageni huwa wanacheka kwanza, wakidhani nawatania. Halafu wanaiangalia mikono yake na kicheko kinawaishia. Kidole gumba cha kushoto kimepinda tangu alipokanyagwa na farasi wa polisi, na viganja vyake vimekomaa kiasi kwamba anaipua sufuria bila kitambaa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na farasi nawaogopa hadharani, sioni aibu. Miaka ishirini na minane ya ndoa sijawahi kupita nyuma ya farasi hata mara moja, na sina mpango huo.

Nchi yetu inawapenda sana farasi, hasa wakiwa kwenye picha. Farasi yuko kwenye stempu. Yuko kwenye nembo ya shule niliyofundisha. Yuko pale katikati ya mji, amembeba jemadari wa shaba, na jemadari naye amebeba njiwa. Vitabu vya historia nilivyokuwa nagawa darasani vilisema farasi ndio walioijenga nchi: walibeba barua kabla ya reli kufika, walivuta mabomba ya zimamoto, walikwenda vitani kwa mamia wakarudi wachache. Ukurasa baada ya ukurasa wanapanda, wanashuka, wanakufa kishujaa, na hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliyekuwa anawavisha viatu. Mke wangu jambo hilo linamkera mpaka leo. "Hao farasi wa vitabu vyako, Mwalimu," huwa ananiuliza, "walijenga nchi pekupeku?"

Lakini kuna fundi mmoja ambaye nchi nzima inamjua. Huyo ni baba mkwe wangu, na ingekuwa heri wasingemjua.

Hata mtu asiyejua mbele na nyuma ya farasi amemsikia Haambiliki, yule farasi wa mbio. Jina alipewa na watu wa bandani kwa sababu alikuwa hashikiki, hasikii la mtu. Kwa miaka miwili alishinda kila mbio alizoingia. Kisha ukaja mchuano na nchi jirani, ukatangazwa moja kwa moja redioni, shule zikafungwa mapema. Wakati huo nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini, sijaoa. Tulijazana chumba cha walimu tukisikiliza. Kona ya mwisho Haambiliki alikuwa mbele kwa urefu wa farasi wanne, na mtangazaji alikuwa anapiga kelele mpaka sauti imemkauka. Ghafla akanyamaza. Tukadhani betri zimekwisha. Halafu tukamsikia, kwa sauti ndogo ya mtu anayeongea peke yake: "Ameanguka. Jamani, ameanguka." Mwalimu mkuu, mtu aliyekuwa akikohoa tu shule nzima inakaa sawa, aliinamia meza akalia kwa kwikwi. Sikuwahi kuona kitu kama kile na sikujua niweke wapi macho yangu.

Miguu yote miwili ya mbele ilikuwa imevunjika. Daktari wa wanyama alimchoma sindano palepale uwanjani, watu elfu thelathini wakitazama.

Siku chache baadaye daktari huyo aliandika kwamba katika ukwato mmoja wa mbele alikuta msumari wa kiatu umepita ndani mno, umegusa nyama hai. Farasi alikimbia na maumivu, na kwenye kona mguu ukamsaliti. Mwili ulikwishazikwa, lakini ukwato ule ulihifadhiwa pamoja na kiatu chake. Ikaundwa kamati ya waheshimiwa watano wenye tai, akaitwa fundi wa banda, ambaye ndiye baba mkwe wangu. Wakamwekea ukwato mezani. Akautazama akasema, "Huu ni wa mbele kushoto. Niliupigilia mimi." Kazi ya kamati ikaishia hapo. Akapigwa marufuku maisha yake yote asikanyage banda la farasi wala uwanja wa mbio, akafungua kibanda cha kutengeneza kufuli mbele ya nyumba yake. Na jina la kazi yake likageuka tusi. Mpaka leo kitu kikiharibika, watu wanasema, "Kimepita kwa yule fundi." Wanangu walirudi na maneno hayo kutoka shule, hawajui wanamtukana babu yao.

Asubuhi ya siku ile ya mbio fundi hakuwa peke yake. Alikuwa na binti yake wa miaka ishirini na mmoja, aliyekuwa akimfundisha kazi tangu amalize shule. Ndiye mke wangu wa leo. Katika banda lao kulikuwa na utaratibu: ukwato mmoja, mkono mmoja. Anayeanza mguu ndiye anayeumaliza, hakuna kupokezana, kwa sababu kila mkono una mwinamo wake wa kupiga msumari. Siku ile, kwa mara ya kwanza, baba alimpa binti yake mguu wa farasi wa taifa. Yeye akachukua wa mbele kushoto, binti akachukua wa mbele kulia. Nimesimuliwa asubuhi ile mara nyingi sana, naweza kuisimulia usingizini. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote katika maisha ya mke wangu, na jioni yake ikawa mbaya kuliko zote.

Tangu hapo ana neno moja tu moyoni: kumsafisha baba yake. "Misumari ya baba haigusi nyama," anasema. "Nimemtazama miaka. Kuna mtu alikichezea kile kiatu." Aliandika barua kwa chama cha mbio, zikajibiwa kwa barua fupi, baadaye hazikujibiwa kabisa. Alikuwa anataka kitu kimoja, aushike ule ukwato kwa mikono yake auangalie. Kwingine kote amefika: kikosi cha polisi wa farasi hakiendi gwaride bila yeye kupita. Ila ukwato ulikuwa umefungiwa stoo ya chama, na mzee mwenyewe, kila akiguswa suala hilo, alikuwa anasema, "Liache, mama. Limekwisha." Sasa mzee ana miaka sabini na tisa, na mke wangu alikuwa anaona siku zinamkimbia.

Mwezi uliopita simu ikalia. Makumbusho walikuwa wanaandaa maonyesho makubwa juu ya farasi na nchi: vita, posta, gwaride, mbio, vyote. Chama cha mbio kilikuwa kimewapa sanduku la vitu vya Haambiliki. Kiatu kilikuwa kinaliwa na kutu, wakahitaji fundi wa kukisafisha bila kukivunja. Polisi ndio waliowapa namba yetu. Yule mhifadhi, binti mdogo mwenye miwani, hakujua kabisa anaongea na nani.

"Na kibao chake kitasema nini?" mke wangu akamuuliza.

"Ni maelezo ya kamati tu, Mama. Ukwato wa mbele kushoto, na ajali ilisababishwa na uzembe wa fundi."

"Nakuja," akasema.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa vifaa, kazi pekee ya farasi ninayoiweza. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya makumbusho, kina meza ndefu nyeupe, taa zenye mikono ya kukunjwa na harufu ya spiriti. Ukutani waliegemeza tandiko la mpanda barua wa zamani, na nyasi zinachungulia kwenye mishono yake. Mhifadhi alituletea sanduku la mbao, akatupa glavu, akasema kibao kinapelekwa kuchapwa siku hiyohiyo saa kumi alasiri, kwa hiyo kama kuna la kurekebisha tumwambie mapema.

Mke wangu hakuvaa glavu. Aliutoa ukwato kwenye kitambaa, akaukumbatia kifuani kidogo, halafu akaanza kazi. Kwanza brashi, kisha mafuta, kisha tochi ndani ya uwazi wa juu. "Upo," akasema taratibu. "Msumari wa tatu, upande wa ndani. Umeingia kwenye nyama." Sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Alikuwa anatumaini kwa miaka yote hiyo kwamba daktari alidanganya.

Halafu akausimamisha mezani, kama unavyosimama mguuni mwa farasi, ncha yake ikitazama mbele. Akautazama. Akainama mpaka jicho likawa sawa na meza. Akauzungusha, akaurudisha.

"Mwalimu, njoo. Unaona nini?"

"Ukwato."

"Hebu tumia akili. Angalia umbo. Upande wa nje wa ukwato huwa umetanuka, wa ndani umesimama wima. Huu umetanukia wapi?"

"Kulia."

"Basi ni mguu gani?"

Mhifadhi alikuwa ameshavua miwani yake. Mimi nilikuwa bado nahesabu kwa vidole, kulia kwangu na kulia kwa farasi.

"Ni wa kulia," mke wangu akasema. "Wa kushoto si huu. Walikosea!"

Jamani, nilipiga makofi. Ndiyo, niliruka, mtu wa miaka hamsini na saba, nikamshika mikono yule binti wa watu nikamtikisa. "Mzee kasafika! Miaka thelathini na moja! Aliupigilia wa kushoto, na ukwato mbovu ni wa kulia! Andika hiyo, binti yangu, andika kwa herufi kubwa!" Naye alikuwa anacheka, hajui anachekea nini. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyoita waandishi wa habari, nitakavyosimama na kusema mimi ndiye mkwe.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amekaa sakafuni. Hakuanguka. Alikuwa amekaa tu, miguu ameinyoosha mbele, na uso wake umekuwa wa kijivu.

"Wa kulia alipigilia nani, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikaanza kuhesabu upya: wa kushoto baba, wa kulia binti. Hadithi niliyoijua usingizini nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Nilimwona amekaa pale na ile mikono yake imelala mapajani. Mhifadhi alikuwa anauliza kama alete maji.

Tukaondoka kwenda kwa mzee. Mimi naendesha, yeye anaangalia dirishani, na mara moja tu alisema, si kwangu: "Nimekula miaka yote hii kwa jina lake." Nilitaka kumwambia ilikuwa bahati mbaya, alikuwa mdogo, lakini kila neno nililolifikiria lilikuwa jepesi mno.

Mzee alikuwa kibandani, ananoa ufunguo kwa tupa. Nikamwamkia, akaitikia. Binti yake hakumwamkia, na hilo peke yake lilimfanya ainue kichwa.

"Baba, nimeushika ukwato."

Tupa ikasimama.

"Ni wa kulia."

Mzee aliufuta ufunguo kwa kidole, akauweka kwenye kopo. Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wa binti yake. Hakukaa.

"Wale wenye tai hawakujua," mzee akasema. "Waliniwekea pale mezani, nikakaa nasubiri hata mmoja aniambie, wewe, huo si wa kushoto. Hamna. Daktari mwenyewe alikuwa dirishani anavuta sigara. Nikasema wa kushoto, wakaandika wa kushoto."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mwanamke wa kwanza kushika nyundo kwenye banda lile, na walikuwa wanakuvizia uteleze. Ningekutaja, ungeshika nyundo wapi tena? Mimi nilikuwa nimeshapigilia farasi mpaka nimechoka."

Hapo mke wangu alilia. Nimemwona akilia mara chache, na zote kwa hasira. Safari hii alilia kama mtoto, mabega yanapanda na kushuka, anarudia kusema msumari ulikuwa wangu, Baba, msumari ulikuwa wangu. Macho yangu nayo yalikuwa yanawasha. Nikaona niseme kitu, ualimu una ugonjwa huo. Nikasema, "Mzee, kwa kweli wewe ni baba wa mfano. Kubeba kosa la mwenzako miaka yote hii..."

"Nyamaza, Mwalimu," akanikatiza. "Hujui kitu."

Hajawahi kunikaripia hata siku moja.

"Sijamaliza," akasema, akimtazama binti yake. "Ile kazi ya kugonga unaijua."

Anaijua. Hata mimi naijua, nimemwona mke wangu akifanya mara elfu, kutoka umbali ulio salama. Kabla farasi hajatoka bandani, fundi mkubwa anapita kila mguu, anagonga kila msumari taratibu kwa mpini wa nyundo, na macho hayapo kwenye ukwato, yapo kwenye masikio. Msumari ukiwa karibu na nyama, farasi atalaza masikio au atauvuta mguu. Basi unaung'oa, unapiga mwingine mahali pengine. Ni kazi ya dakika mbili.

"Asubuhi ile niligonga," mzee akasema. "Wa kushoto wote salama. Wa kulia, msumari wa kwanza, wa pili. Wa tatu, masikio yakalala. Nikagonga tena. Akauvuta mguu."

Mke wangu aliacha kulia.

"Uliona?"

"Niliona."

"Uliona, Baba, na hukuung'oa?"

"Wasimamizi wa banda walikuwa mlangoni, wote wanne, wamekunja mikono. Mmoja alikuwa ameshaniambia asubuhi, leo tutaona huyo msichana wako. Kuung'oa pale ni kusema mbele yao kwamba umekosea. Siku ya kwanza." Alishika ukingo wa meza. "Nikasema moyoni, mbio zenyewe dakika mbili na nusu. Atavumilia. Akirudi nitaung'oa mwenyewe, hakuna atakayejua. Nikamwachia farasi aende."

Nikakaa juu ya ndoo ya mafuta taa. Nilikuwa nimemheshimu mzee huyu kwa sababu moja, na kwa dakika kumi nzima nimemheshimu kwa sababu nyingine kubwa zaidi, na sasa zote zimeporomoka na yeye bado amesimama palepale mbele yangu, mzee mwembamba mwenye aproni.

"Si wangenifukuza tu!" Mke wangu alipiga kelele mpaka jirani akatokea mlangoni. "Si wangenifukuza, Baba! Ningefua nguo za watu, ningepika, ningeuza duka! Farasi angeishi! Wewe ungekuwa bandani mpaka leo! Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Miaka thelathini na moja nagonga misumari kila siku, nakuja kukusimulia, unaniitikia vizuri, vizuri, na wewe unajua!"

"Ndiyo."

"Sema kitu kingine!"

"Niseme nini, mama? Niliposema kwenye kamati kosa ni langu, sikudanganya. Nilidanganya mguu tu."

Jirani alirudi ndani akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue mke wangu sikuweza kukisia atafanya nini. Alikuwa anaweza kumkumbatia, alikuwa anaweza kuondoka asirudi tena nyumba ile. Mzee naye nadhani hakujua, maana alikuwa amemkazia macho.

Simu ikaita. Ilikuwa mhifadhi. Mke wangu aliipokea akaiweka mezani kati ya kufuli, sauti yote nje.

"Mama, samahani kukusumbua. Kibao kinaondoka sasa hivi. Nifute ile kushoto? Na yale maneno ya fundi, niweke nini?"

Mke wangu alifuta uso kwa mkono wa blauzi.

"Andika mguu wa mbele kulia," akasema. "Andika kwamba msumari wa tatu uligusa nyama, na ulijulikana kabla farasi hajatoka bandani."

"Ulijulikana? Nani..."

"Andika, binti yangu. Halafu weka majina ya waliofanya. Uanze na langu, mimi ndiye niliyeupiga. Baada yangu uweke la baba yangu."

Mzee alinyoosha mkono juu ya meza, akaisogeza simu upande wake, akainama karibu nayo kwa kuwa masikio yake si mazuri tena.

"La kwangu litangulie," akasema.